Safari ya Nchi Kavu kutoka Bunda hata Ngorongoro

1. Mahali pa kuanzia

Mji wa Bunda uko katika Mkoa wa Mara, penye njia kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma. Karibu na mji pana vilima vya Balili, vyenye mawe makubwa na vichaka. Na mtu akipanda juu yake asubuhi, wakati hewa ni safi, huona nchi mbili kwa mara moja. Upande mmoja huona maji ya Ziwa la Victoria, yaani ile sehemu iitwayo Ghuba ya Speke. Upande wa pili huona nyika ya Serengeti, ikienda mbali hata macho yachoke.

Watu wengi wa Bunda huijua vizuri ile nchi ya kwanza, kwa kuwa huko huvua samaki, na kando yake hulima na kuchunga. Lakini ile nchi ya pili huifikiri kuwa ni ya wanyama na wageni tu, wala haiwahusu wao. Fikira hiyo si sawa. Atakayesafiri kutoka Bunda hata Ngorongoro, safari ya chini ya maili 200, ataona kwamba ziwa, nyika na mlima vimefungamana kama mafiga matatu chini ya chungu kimoja. Likiondolewa moja, chungu hupinduka.

2. Watu wa kando ya ziwa

Ghuba ya Speke ilipewa jina la John Hanning Speke, Mwingereza aliyeliona ziwa hili karibu na Mwanza mwaka 1858. Lakini wenyeji walilijua na kupiga makasia juu yake zamani sana kabla yake. Wajita na Wakerewe ni wavuvi hodari, nao hulima mihogo, viazi na mtama. Wasukuma wako upande wa kusini pamoja na ng'ombe wao wengi na mashamba ya pamba. Waikizu na Wazanaki hukaa upande wa mashariki na kaskazini, penye vilima.

Watu hawa wote hulima kwa sababu mvua huwatosha katika miaka mingi. Sababu yake yajulikana. Jua hulipiga ziwa mchana kutwa, na maji mengi hugeuka kuwa mvuke. Mvuke hupanda juu ukapoa, ukawa mawingu, nayo mawingu yakashusha mvua. Basi ziwa ni kama sufuria kubwa isiyotoka motoni. Kadiri mtu akaavyo karibu nalo, ndivyo apatavyo sehemu yake ya mvua.

Wazee wa zamani hawakuwa na vipimo vya mvua, lakini walijua sana thamani yake. Waikizu husimulia kwamba mtemi wao wa kwanza alikuwa mwanamke, jina lake Nyakinywa, aliyekuja kutoka nchi ya Kanadi katika Usukuma. Hakuja na jeshi wala mali. Alikuja na ujuzi wa mvua, na kwa ajili hiyo watu walimpa heshima ya utemi. Msafiri na aliweke hadithi hii moyoni, maana katika safari yote ataona kwamba mvua ndiyo mtemi wa nchi hizi.

3. Lango la Ndabaka

Kutoka Bunda njia huenda kusini mwendo mfupi, ikafika Lango la Ndabaka. Hapo ndipo penye mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Ukitazama ramani utaona kwamba hifadhi ina umbo la mwili mkubwa ulionyosha mkono mmoja kuelekea ziwani. Mkono huo huitwa Ukanda wa Magharibi, na Ndabaka iko kwenye vidole vyake.

Langoni msafiri huandikwa jina na kulipa ada, naye huambiwa amri za njia: asishuke garini mahali pasipo ruhusa, asipite njiani usiku, asitupe takataka, asimlishe mnyama yeyote. Amri hizi si za kumwonea mtu. Mnyama aliyezoea kupewa chakula husahau kujitafutia, naye huwa hatari kwa watu. Na gari lipitalo usiku laweza kumgonga mnyama, au kugongana naye likaua waliomo ndani.

Mbele ya lango nchi ni tambarare, nayo ina udongo mweusi sana. Wakati wa kiangazi udongo huu hukauka ukapasuka nyufa, hata mguu wa ng'ombe huweza kunasa humo. Wakati wa masika hugeuka kuwa matope yashikayo kama ulimbo. Magari mengi yamelala hapo usiku kucha, na abiria wakakata matawi na kusukuma mpaka jasho likawatoka. Dereva mwenye akili huuliza kwanza habari za mvua, ndipo aondoke.

Katika miti ya sehemu hii kuna mbung'o, ambao hubeba vijidudu vya malale kwa watu na vya nagana kwa ng'ombe. Mbung'o ndio waliokuwa walinzi wa kwanza wa pori hili. Kabla ya sheria yoyote kuandikwa, wao waliwazuia wafugaji wasikae hapo na mifugo yao.

4. Mto Grumeti

Njia hufuata bonde la mto Grumeti. Mto huu hutoka upande wa mashariki ukaingia katika Ghuba ya Speke. Kando yake kuna miti mirefu yenye kivuli, na juu ya miti hiyo wamo mbega weusi wenye manyoya meupe mgongoni. Wakati wa kiangazi mto hukatika, ukabaki vidimbwi tu. Katika vidimbwi hivyo hujikusanya viboko, na mamba wakubwa hulala kando wakingoja.

Wanayemngoja ni nyumbu. Nyumbu ni mnyama wa ajabu kwa sura: pembe zake ni kama za ng'ombe, ndevu zake kama za mbuzi, na mkia wake kama wa farasi. Katika Serengeti wako zaidi ya milioni moja, na pamoja nao huenda pundamilia na swala kwa malaki. Hawakai mahali pamoja. Kila mwaka huizunguka nchi yote, nayo ndiyo safari kubwa ya wanyama wa nchi kavu ambayo watu kutoka duniani pote huja kuitazama.

Mzunguko wao ni huu. Tangu Desemba hata Aprili hukaa katika uwanda wa kusini-mashariki, penye majani mafupi. Masika yakiisha na uwanda ukikauka, huenda magharibi na kaskazini. Ndipo wengi wao hufika Grumeti, karibu na mwezi wa Juni. Kutoka huko huendelea kaskazini mpaka mto Mara, na wengi huvuka mpaka wa Kenya. Mvua za vuli zikianza hurudi kusini tena. Mto Mara hutoka katika nchi ya juu ya Mau huko Kenya, nao haukauki kabisa kama Grumeti. Kwa hiyo katika kiangazi ndio kimbilio lao. Na mto huohuo, ukiisha kuwanywesha nyumbu, huteremka mpaka Ziwa la Victoria karibu na Musoma, ukawanywesha watu na ng'ombe wao.

Upande wa kaskazini wa Grumeti hukaa Waikoma, Wanata na Waisenye. Watu hawa tangu zamani walikuwa wakulima na wawindaji pamoja. Vijana wao walifundishwa na wazee kujua kila kisima, kila kilima na kila njia ya wanyama, na kukumbuka makao ya babu zao kwa majina. Mahali pengi ambapo mgeni huona pori tupu, mzee wa Kiikoma huona mahame ya ukoo fulani. Nchi isiyo na nyumba si lazima iwe nchi isiyo na historia.

5. Seronera na majabali ya Moru

Kutoka Ndabaka mpaka Seronera ni zaidi ya maili 80. Seronera ni kati ya hifadhi. Hapa miti ya migunga imetawanyika, na kati ya nyasi hutokea majabali makubwa ya mviringo, moja hapa na moja kule, kama visiwa baharini. Simba hupenda kupanda juu yake. Huota jua asubuhi, hupata kivuli mchana, na huona mbali jioni wakati wa kuwinda.

Kusini ya Seronera pana majabali ya Moru. Katika pango moja hapo kuna picha za ngao na alama nyingine, zilizochorwa na vijana wa Kimaasai kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Karibu na hapo pana jiwe kubwa ambalo likipigwa kwa jiwe dogo hutoa sauti kama ya kengele. Mambo haya ni ushuhuda kwamba Wamaasai walikaa hapa na ng'ombe wao. Hata jina la Serengeti limetoka katika lugha yao, na maana yake ni mahali papana pasipo mwisho.

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliwekwa mwaka 1951. Mwaka 1959 nchi iligawanywa sehemu mbili. Wamaasai waliokuwa wakikaa ndani ya Serengeti waliondoka kwenda upande wa mashariki, na upande huo ukafanywa kuwa Eneo la Hifadhi la Ngorongoro, ambamo watu, mifugo na wanyama wa porini walipaswa kukaa pamoja.

6. Uwanda usio na miti

Mashariki ya Seronera miti hupungua kidogo kidogo, na karibu na kilima cha Naabi hukoma kabisa. Mbele yake ni majani mafupi tu, kama zulia, mpaka upeo wa macho. Mtu aliyezaliwa Bunda, penye vilima na miembe, hustaajabu. Mbona hapa hapana mti hata mmoja?

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni mvua. Pepo zinazovuma kutoka bahari ya mashariki huja na mvuke, lakini zikifika kwenye milima ya Ngorongoro hupandishwa juu, zikapoa, zikamwaga mvua yao juu ya milima. Zikiisha kuvuka, hushuka kwenye uwanda hali zimekauka. Kwa hiyo sehemu za kaskazini na magharibi za Serengeti hupata mvua ya inchi 40 hivi kwa mwaka, lakini uwanda wa kusini-mashariki hupata inchi 20 tu au pungufu.

Sababu ya pili ni udongo. Katika milima hiyo ya mashariki kumekuwa na volkeno nyingi, na mojawapo, Ol Doinyo Lengai, ingali hai. Ilitoa moto na majivu kwa nguvu mwaka 1966, na tena mwaka 2007. Wamaasai huuita Mlima wa Mungu. Tangu zama za kale majivu ya volkeno hizo yalichukuliwa na upepo yakatua juu ya uwanda. Chini ya udongo chokaa yake imeganda ikawa tabaka gumu kama sakafu, na mizizi ya miti haiwezi kuipenya. Lakini majani mafupi hayahitaji mizizi mirefu. Nayo majani hayo, kwa sababu ya majivu, yana chumvi nyingi za kujenga mifupa na kuzidisha maziwa.

Basi nyumbu jike huja kuzaa hapa. Karibu na mwezi wa Februari ndama kwa malaki huzaliwa katika majuma machache. Ndama husimama baada ya dakika chache tu, akamfuata mamaye mbio. Fisi na simba hula wengi, lakini hawawezi kuwamaliza, kwa kuwa wote huzaliwa pamoja; na katika uwanda ulio wazi adui huonekana toka mbali. Lakini uwanda hauna maji ya kudumu. Mvua ikikatika, nyumbu hawana budi kuondoka kwenda magharibi na kaskazini, kuifuata mvua ambayo ziwa huileta. Ndiyo maana uwanda peke yake hautoshi, wala upande wa ziwa peke yake hautoshi. Uwanda hulea watoto, na upande wa ziwa huwaokoa na kiu.

7. Msafara wa Baumann na njaa ya mwaka 1892

Kabla ya magari watu waliipita nchi hii kwa miguu. Mmoja aliyeandika habari zake ni Oscar Baumann, mtu wa Austria. Aliondoka Tanga mwezi wa Januari 1892 pamoja na msafara mkubwa wa wapagazi na askari. Walipanda nchi ya juu, na tarehe 18 Machi 1892 wakafika Ngorongoro. Kutoka hapo wakaishika njia ya magharibi, wakaivuka Serengeti hata wakalifikia Ziwa la Victoria kwenye Ghuba ya Speke. Njia yao ilikuwa karibu sawa na njia ya somo hili, ila wao waliifuata kwa kuigeuza.

Baumann alikuwa Mzungu wa kwanza kuandika habari za shimo la Ngorongoro. Lakini jambo kubwa aliloliona halikuwa milima wala wanyama. Aliona watu wanaokufa kwa njaa. Wamaasai, waliokuwa wakiogopwa toka Kenya mpaka Ugogo, walikuja kwenye boma la miiba la msafara wake wakiwa mifupa mitupu. Wanawake walikuwa wamekonda kupita kiasi. Mashujaa waliokuwa wakiruka ngoma sasa hawakuweza kusimama. Walikula ngozi za ng'ombe, mifupa, hata pembe. Wazazi wengine walitaka kutoa watoto wao ili wapewe kipande cha nyama. Baumann alikisia kwamba theluthi mbili za Wamaasai walikufa katika msiba huo.

Vita havikuwa sababu ya njaa hiyo. Sababu ilikuwa sotoka, ugonjwa wa ng'ombe. Ugonjwa huu uliingia kaskazini-mashariki ya Afrika karibu na mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli. Uliteremka kusini toka nchi hadi nchi. Mwaka 1896 ulikwisha vuka mto Zambezi, ukawamaliza ng'ombe wa nchi za kusini ya Afrika vilevile. Ng'ombe aliyeupata alitokwa na machozi na mate, akaharisha, akafa kwa siku chache. Nyati na nyumbu pia walikufa. Maboma yalibaki matupu. Mahali palipokuwa malisho pakaota vichaka, na vichaka vikaleta mbung'o, hata watu waliosalia wakashindwa kurudi na mifugo.

Hivyo nchi iliyokuwa na wachungaji wengi ikawa pori. Wageni waliokuja baadaye waliiona hali hiyo wakadhani ya kuwa ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

8. Jinsi ugonjwa ulivyokomeshwa

Sotoka haikutoka baada ya msiba wa kwanza. Kwa muda wa miaka zaidi ya 60 iliendelea kuwaua ndama wa nyumbu kila mwaka. Watu wengi walisema, "Wanyama wa porini ndio wanaowaambukiza ng'ombe wetu." Walikosea. Wakati dawa ya chanjo ilipotiwa ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka Serengeti, ugonjwa ukatoweka kwa nyumbu pia, karibu na mwaka 1963, ingawa hakuna nyumbu hata mmoja aliyechanjwa. Ndipo ikajulikana kwamba ng'ombe ndio waliokuwa wakiwaambukiza nyumbu.

Mganga wa mifugo Walter Plowright na wenzake, katika nyumba ya uchunguzi huko Muguga, Kenya, ndio waliotengeneza chanjo iliyo bora kuliko zote za kwanza. Dawa hiyo ilitumika katika nchi nyingi, na mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani pote. Katika magonjwa yote yaliyopata kuwasumbua viumbe, mawili tu ndiyo yaliyokomeshwa kabisa: ndui kwa wanadamu, na sotoka kwa wanyama.

Matokeo katika Serengeti yalikuwa makubwa. Mwaka 1961 nyumbu walikuwa kama robo ya milioni. Kabla ya mwaka 1980 walizidi milioni moja na robo. Nao walipoongezeka walikula majani mengi. Majani yalipopungua, mioto ya nyika ikapungua. Mioto ilipopungua, miti midogo ikapata nafasi ya kukua. Mfugaji wa kijijini aliyempeleka ng'ombe wake kuchanjwa hakujua kwamba anaotesha miti katika nchi asiyoiona. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

9. Kupanda Ngorongoro

Baada ya Naabi njia hupita karibu na bonde la Oldupai. Jina hilo latokana na mkonge wa porini, ambao Wamaasai huuita oldupai. Hapo mwaka 1959 Bibi Mary Leakey alikuta fuvu la kiumbe aliyefanana na mtu, aliyeishi zamani yapata miaka 1,750,000. Na kusini yake, mahali paitwapo Laetoli, zimeonekana nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili katika majivu ya volkeno zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita. Basi nao pia walikuwa wasafiri wa nchi kavu katika nchi hii.

Halafu njia hupanda. Hewa hupoa, ukungu hushuka, na upande wa mashariki wa milima umefunikwa na miti mikubwa. Hapa ndipo zile pepo za mashariki humwagia mvua yao. Kwenye ukingo, zaidi ya futi 7,000 juu ya bahari, msafiri husimama akatazama chini. Shimo la Ngorongoro lina upana wa maili 12 hivi, na kina chake ni futi 2,000. Zamani ulikuwa mlima wa volkeno. Kilele chake kilididimia, likabaki bakuli hili. Chini yake mna ziwa la magadi, vijito, msitu mdogo, na wanyama maelfu, hata vifaru.

Watu wa upande huu si wa namna moja. Kabla ya Wamaasai, Wadatoga walikaa ndani ya shimo na ng'ombe wao, na mpaka leo huheshimu makaburi ya wazee wao yaliyobaki huko. Wamaasai ni wafugaji. Wairaqw, nje ya msitu upande wa Karatu, ni wakulima wa ngano na mahindi. Visima vyao hulishwa na maji ya msitu. Na kusini, karibu na Ziwa la Eyasi, wako Wahadzabe, ambao huwinda kwa upinde na kufuata ndege awaongozaye kwenye asali. Kwa mwendo wa chini ya maili 200 msafiri amekutana na mvuvi, mkulima, mfugaji na mwindaji. Hakuna aliye mjinga kati yao. Kila mmoja ameshika kazi ambayo mvua na udongo wa nchi yake vimemruhusu.

10. Mambo ya kufikiri

Kukaa jirani na wanyama si jambo rahisi. Katika vijiji vya Bunda vilivyo karibu na mpaka wa hifadhi, tembo hutoka usiku wakaingia mashambani, na kazi ya miezi mingi huliwa kabla ya jua kuchomoza. Wakulima hulinda kwa kelele za madebe, kwa mwanga na kwa pilipili, lakini mara nyingi hushindwa. Katika miaka ya 2020 Serikali iliamua watu wa Nyatwali, kando ya Ghuba ya Speke, wahame kwa kulipwa fidia, ili ule mkono wa hifadhi ufike majini na wanyama wapate kunywa wakati wa ukame. Na tangu mwaka 2022 watu wengi wa Ngorongoro wamehamia Msomera, katika Wilaya ya Handeni. Wako walioondoka kwa hiari, na wako waliohuzunika sana kuacha nyumba na makaburi ya wazazi wao.

Mambo haya hayawezi kuamuliwa vema na mtu aijuaye nchi moja tu. Amtazamaye tembo peke yake humsahau mkulima anayelala na njaa. Amtazamaye mkulima peke yake husahau kwamba msitu na nyika vikiharibika, mito hukauka, na mkulima ndiye wa kwanza kupata hasara. Msiba wa mwaka 1892 na chanjo iliyofuata vyatufundisha jambo moja: kinachompata ng'ombe humpata nyumbu, na kinachoipata nyika humpata mtu. Jirani mwema humjua jirani yake kabla ya kumhukumu.

Maswali

1. Taja nchi mbili ambazo mtu huziona akiwa juu ya vilima vya Balili.
2. Kwa nini Waikizu wa zamani walimpa Nyakinywa utemi?
3. Eleza sababu mbili za uwanda wa kusini-mashariki kukosa miti.
4. Nyumbu huzaa wapi, na kwa nini hawawezi kukaa huko mwaka mzima?
5. Baumann aliona nini mwaka 1892? Sababu yake ilikuwa nini?
6. Watu walifikiri sotoka inatoka wapi? Ukweli ulijulikanaje?
7. Chora ramani ya njia kutoka Bunda hata Ngorongoro. Andika mahali panapokaa wavuvi, wakulima, wafugaji na wawindaji.
8. Waulize wazee wa kwenu habari za njaa au ugonjwa wa mifugo wanaoukumbuka, na jinsi watu walivyosaidiana. Andika kurasa mbili.